Mgao wa Darasani

Mtoto wa Segese huujua mgao kabla hajafundishwa kugawanya. Ameuona kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Mawe yakishapandishwa juu na kutiwa kwenye viroba, viroba hupangwa chini kwa mistari, na watu husimama kuvihesabu kwa macho: vya mwenye leseni, vya mwenye duara, vya mwenye shamba, halafu vya wale walioshuka chini. Hivyo vya mwisho hugawanywa tena, mtu na mtu. Baadaye mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, naye anadai chake, na mara nyingi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, hubaki kwake. Mtoto aliyetumwa kumpelekea baba yake chakula husimama pembeni akitazama. Hakuna anayemweleza lolote, lakini akirudi nyumbani anajua nani kapata vingi, nani kalalamika, na nani kanyamaza ingawa kapunjwa.

Kesho yake asubuhi mtoto huyohuyo anavaa sare na kwenda shule, na macho anayokwenda nayo ni yaleyale.

Tukizungumzia mazingira ya shule, kwa kawaida tunataja bati, saruji, madirisha na vyoo. Ni sawa kuvitaja, maana mvua ya masika haimjali mtu mwenye falsafa. Lakini kadiri ninavyokaa na watoto wa ukanda huu wa dhahabu, toka Kahama hadi Geita, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kitu cha kwanza wanachokisoma shuleni ni jinsi vitu vichache vinavyogawanywa kati ya watu wengi. Kiti, kitabu, zamu ya kushika chaki, kikombe cha uji, jicho la mwalimu, na kiboko pia. Katika mgao huo mtoto anajifunza thamani yake mbele ya wenzake, na anajifunza wenzake ni watu gani kwake. Hesabu na Kiswahili vinakuja kukaa juu ya somo hilo, vikipata mahali pa kukaa.

Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, kwenye njia iendayo Kakola uliko mgodi mkubwa wa Bulyanhulu. Watu wake hulima mpunga, mahindi na viazi, hufuga ng'ombe, na hufuata dhahabu. Haya yote hukutana darasani. Mtoto wa mfugaji, ambaye babu yake alizikwa hapohapo, anakaa dawati moja na mtoto aliyeshuka juzi kwenye basi pamoja na mama lishe aliyesikia kwamba kuna rashi, yaani dhahabu mpya inayovuta watu. Kwa hiyo nianze na dawati.

Dawati la shule ya msingi limetengenezwa kwa ajili ya watoto watatu. Katika madarasa mengi niliyowahi kuketi nyuma yake kusikiliza, lilikuwa na wanne au watano. Tazama kwa karibu jinsi wanavyokaa. Wa katikati wameketi sawasawa, viwiko vyao vimetulia, madaftari yao yamelala. Wa pembeni ameegemeza paja moja tu, mguu mmoja uko nje kwenye njia, na daftari lake liko juu ya goti. Kitabu cha kiada kimewekwa katikati. Aliye upande wa kulia anauona vizuri ukurasa wa kulia tu; ukurasa wa kushoto anausikia kwa wenzake. Mwalimu akiuliza swali lililo ukurasa wa kushoto, yule hajui, na darasa zima linachukulia kwamba ni mzito wa kuelewa. Baada ya miezi michache naye anakubali kwamba ni mzito. Hakuna aliyemwambia. Amefikia uamuzi huo kwa kukaa pembeni.

Na nani anakaa pembeni? Hapa ndipo mgao unapoonekana. Walimu wachache sana hupanga viti kwa makusudi. Kwa kawaida watoto wanajipangia, na watoto wakijipangia, mwenye nguvu, mwenye ndugu darasani na mwenye kalamu ya ziada huanza. Anayefika mwezi wa tano, bila barua ya uhamisho, na lafudhi ya Kiha au ya Kihaya mdomoni, anapata kilichobaki.

Watoto wa namna hiyo ni wengi huku. Habari kwamba duara limetema dhahabu husafiri upesi kuliko basi. Familia inafunga virago Chunya au Mererani, inafika, inapanga chumba kimoja nyuma ya duka, na mtoto anapelekwa shule ya karibu. Rashi ikififia, wanaondoka bila kuaga. Mwalimu anaita jina wiki mbili, tatu, kisha anaandika mtoro. Historia ya eneo lenyewe imejaa kuhama kwa namna hii, na kuhamishwa pia: mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Walioondolewa walikuwa na watoto, na watoto hao walikwenda kuanza upya mahali fulani, kwenye ukingo wa dawati la shule fulani.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huusikia usemi huu kama wa kumchimba mgeni ili aondoke. Mimi nikiwa darasani nauona una huruma ndani yake: mgeni aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mwenyeji. Usukumani vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewakusanya kwa kazi za pamoja, na kijana aliyeitwa kwenye kazi alijua kwamba ni mmoja wao. Mtoto mgeni darasani anahitaji kitu kama hicho kabla ya kitu kingine chochote. Nilimwona mwalimu mmoja wa darasa la tatu akimpa mgeni kazi siku ya kwanza: kugawa madaftari yaliyosahihishwa. Mtoto huyo hakuyajua majina, kwa hiyo ilimbidi ayasome kwa sauti, mojamoja, na kila aliyeitwa aliitika na kunyoosha mkono. Hadi madaftari yalipokwisha, darasa lote lilikuwa limemwitikia. Mwalimu huyo hakuwa na dawati la ziada wala kitabu cha ziada. Alikuwa na watoto wengi kuliko alivyoweza kuwaangalia, na aliitumia kazi ya dakika kumi kumwingiza mtoto katika hesabu ya wenzake.

Msongamano huu una chimbuko lenye heshima, na sipendi kuuzungumzia kana kwamba ni aibu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kuishi pamoja, isimtenge mtoto na kwao. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto wa umri wa shule aingie darasani. Ada ya shule za msingi ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na kuanzia Januari 2016 Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima. Kila mara mlango ulipanuliwa, na kila mara ilikuwa haki kuupanua. Tatizo ni kwamba vya ndani havikuongezeka kwa kasi ileile. Ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 6,000 ndizo zinazopelekwa shuleni, na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Gawanya 6,000 kwa miezi 12 upate 500. Chaki, ukarabati, mitihani, michezo na karatasi za mwezi mzima za mtoto mmoja zinatoka kwenye shilingi 500, bei ya maandazi machache pale sokoni Segese.

Kuna mgao mwingine ambao hauhitaji fedha yoyote, na huo ndio unaonisumbua zaidi. Ni orodha ya wapiga kelele.

Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaikumbuka. Mwalimu anatoka, pengine kwa sababu ana madarasa mawili kwa wakati mmoja, na kiranja anabaki mbele na kipande cha karatasi. Anaandika majina. Anayerudia kuzungumza anaongezewa alama mbele ya jina lake, na alama hizo zitageuka idadi ya viboko. Kaa nyuma ya darasa kama hilo utazame kinachotokea. Mtoto mmoja ananyanyuka kwa kunyata na kuweka karanga kwenye meza ya kiranja. Mwingine anaahidi kumwazima kifutio. Jina linakatwa. Mtoto ambaye hakusema neno lolote, ila jana alimshinda kiranja kwenye mpira, anakuta yuko namba tatu. Anapinga. Kupinga ni kelele. Anaongezewa alama. Mwalimu akirudi, haulizi. Anasoma orodha na kuanza kuchapa.

Kwa robo saa hiyo watoto wamejifunza mambo mengi kuliko somo la uraia la muhula mzima. Wamejifunza kwamba anayeshika kalamu ndiye anayeamua, kwamba jina linaweza kununuliwa, kwamba ukweli wa mtu mdogo hausikilizwi, na kwamba rafiki akipewa karatasi anaacha kuwa rafiki. Kiranja naye ni mtoto wa miaka kumi na moja. Amekabidhiwa mamlaka asiyoyaweza na amepoteza marafiki ambao hatawapata tena. Najua mwalimu mwenye watoto mia na zaidi anatafuta njia yoyote ya kupata utulivu. Lakini utulivu unaopatikana hivi unalipiwa na watoto, wao kwa wao, na deni lake linaendelea njiani wakati wa kurudi nyumbani.

Kiboko chenyewe kina sheria yake, na inashangaza ni watu wangapi hawaijui. Kanuni za 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo shuleni, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Kwa maana hiyo fimbo inayotembea mkononi mwa mwalimu toka mstarini hadi darasani haiko ndani ya kanuni. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na nchi nzima ilihuzunika. Msiba ule ulikuwa mkubwa kiasi cha kutufanya tusahau madhara madogo yasiyofika mahakamani. Dogo ninalolifahamu zaidi ni hili: mtoto anayechapwa kwa kukosa jibu anaacha kunyoosha mkono. Anajifunza kutazama midomo ya wenzake ili ajibu pamoja na kundi. Darasa linaitikia kwa sauti moja, mgeni anavutiwa, na hakuna anayejua nani kaelewa.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza, kunyamaza huko huwa kumetangulia, maana anatoka nyumba inayozungumza Kisukuma. Nyumbani anasimulia safari nzima ya ng'ombe, nani alimpiga nani kisimani, na kwa nini mayu, yaani mama, amekasirika. Shuleni anabaki na maneno matatu ya Kiswahili, na mmojawapo wa wanaomcheka ni binamu yake aliyetangulia mwaka mmoja. Tumelelewa katika lugha ya taifa na tunaipenda. Mimi ninaandika kwayo. Lakini kumchapa mtoto kwa kusema kikwao ni kumwambia kwamba watu wanaompenda wanazungumza makosa. Shinyanga ilipata bahati ya kuwa miongoni mwa mikoa ya EQUIP-Tanzania, mpango wa kuinua ubora wa elimu, ulioendeshwa kati ya 2014 na 2020. Ndani yake kulikuwa na madarasa ya utayari wa kuanza shule, yaliyoongozwa na wasaidizi waliotoka jamii ileile, wenye kuwaelewa watoto kwa lugha yao na kuwavusha polepole kwa hadithi na michezo. Mtu anayeelewa kilio chako kwa lugha unayolia nayo ni mazingira bora kuliko ukuta uliopakwa rangi. Jambo hilo lilistahili kuwa desturi ya kila shule ya Usukumani, mradi uwepo au usiwepo.

Kuhusu vyoo na maji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hayo yamesemwa sana na yako wazi. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kisipofikiwa kiwango hicho, foleni ya mapumziko inakuwa uwanja wa ubabe, na msichana aliyeanza hedhi anakaa nyumbani. Kazi za usafi nazo zina mgao wake: ndoo na tambara la kudekia kwa wasichana, fyekeo kwa wavulana, kisha wavulana wanamaliza mapema na kucheza mpira. Ratiba hiyo mwalimu wa zamu anaweza kuibadilisha Jumatatu ijayo asubuhi bila kuomba kibali cha yeyote.

Uji ni jambo gumu zaidi. Serikali ilitoa mwongozo wa chakula na lishe shuleni mwaka 2021, na unategemea wazazi wakubaliane na kuchangia mahindi, maharage au fedha. Wengi wanachangia. Wapo wasioweza, na wapo wanaohama kabla ya kikao kufanyika. Saa nne kengele inagongwa, ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na watoto wanatoka na vikombe vyao. Wachache wanaelekea upande wa pili wa uwanja, wanajifanya wana shughuli kwenye miembe. Nimewaona wenzao wakiwafuata na kugawana nao kikombe, huyu funda na yule funda. Nimeona pia shule ambayo majina ya waliochanga yalisomwa kwa sauti kabla ya kupakua. Watoto wa shule hizi mbili hawatazamani kwa macho yanayofanana, na tofauti yake unaisikia hata wanapogombea mpira.

Asiyekunywa uji ana mahali pengine pa kwenda, na hapo ndipo Segese inatofautiana na kijiji cha wakulima watupu. Duara na karasha haviko mbali. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2013, iliyofanyiwa utafiti Geita, Kahama na Chunya, ilikuta watoto kuanzia miaka minane wakifanya kazi kwenye machimbo madogo: kushuka shimoni, kuponda mawe, kushika zebaki kwa mikono mitupu na kuvuta moshi wake inapochomwa. Zebaki inadhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Hayo tunayajua na hayana mjadala. Ninachotaka kiangaliwe ni kile mtoto anachokipata kule na kukikosa shuleni. Kule anaitwa kwa jina. Akibeba ndoo kumi analipwa kwa ndoo kumi, hata kama malipo ni ya dhuluma. Jioni anampa mama fedha ya mboga na mama anampokea kwa shukrani. Kesho akirudi darasani anapokelewa na fimbo ya utoro, mbele ya wenzake, na kiti chake kina mtu mwingine. Ni nani kati yetu angechagua tofauti na yeye? Mwalimu anayempokea mtoto huyo kwa kumuuliza amekula nini, kisha akamkalisha karibu na mwenzake atakayemwonyesha walipofika, anapambana na ajira ya watoto kwa nguvu kuliko bango lililo barabarani.

Najua mwalimu mwenyewe yuko kwenye mazingira hayohayo. Kodi ya chumba katika mji wa machimbo inapanda rashi inapopanda, na mshahara wake haupandi. Anasahihisha madaftari mia moja kwa mwanga wa simu. Akiwa naye amepunjwa, tunamtaka awe mgawaji wa haki, na wengi wao, kwa moyo wao tu, wanakuwa hivyo.

Fedha za dhahabu zinafika shuleni siku hizi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanazitaka kampuni za uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri, na madarasa, madawati na nyumba za walimu vimetoka humo. Vije vingi zaidi, kwa sababu kila dawati jipya linamtoa mtoto mmoja ukingoni. Na muda ni mfupi: kwa mtaala ulioanza Januari 2024, walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa darasa la saba wa mfumo wa zamani. Mikondo miwili itatoka kwa mkupuo, na yote itahitaji viti sekondari.

Katika vikao vya wazazi nilivyohudhuria, ajenda ni majengo, michango na matokeo ya mitihani. Ningeomba kikao kijacho kiongeze moja, na ianze na maswali ambayo mwenyekiti wa kamati ya shule anaweza kuyajibu kwa kuingia darasani asubuhi moja na kusimama nyuma. Nani amekaa pembeni, na amekaa hapo tangu lini? Aliyefika mwezi uliopita anakaa na nani, na kuna mtoto anayelijua jina lake? Orodha ya wapiga kelele imeandikwa na nani leo, na mwalimu amemuuliza aliyeandikwa? Nani hakunywa uji, na alikwenda wapi saa nne? Mzazi aliyesimama kwenye duara akihesabu viroba hadi cha mwisho hatashindwa kuyauliza haya, na hatakubali kuondoka bila jibu.